Nyota Inayopinda Kushoto

9 Februari

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naichukua mapema, maana mpaka barua yako ifike nitakuwa nimezeeka.

Nina habari njema na nina shida, na zote mbili ni kitu kimoja. Mkuu wa karakana amenipa taa yangu ya kwanza. Si kulehemu taa ya mtu mwingine. Yangu, kuanzia kwenye karatasi mpaka kwenye dari. Hospitali inafungua wodi mpya ya watoto mwezi wa sita, na wanataka taa kubwa ukumbini, kitu ambacho mtoto akipitishwa amelala chali kwenye kitanda cha magurudumu atakitazama asahau anapelekwa wapi. Mkuu aliponiuliza nina wazo gani, mdomo ulinitangulia. Nikasema: nyota ya baba yangu.

Unaijua ninayoisema. Ile uliyonifumia kwa mabaki ya henzirani, zile fito za kufumia viti, kabla sijaanza shule, piramidi tano zilizopitana matumboni, kila moja na rangi yake, hakuna iliyokatwa na hakuna iliyomkalia mwenzake. Mkuu hakunielewa, ikabidi nimchoree. Piramidi moja peke yake ni kitu rahisi: vijiti sita, nyuso nne za pembetatu, ncha nne. Ya pili ukiipitisha ndani ya ya kwanza bado unacheka. Ya tatu unaacha kucheka. Ya nne imeniporomokea mezani mara nyingi mpaka wenzangu wameanza kuniita Mama Maporomoko.

Ile ya zamani ninayo, iko juu ya kabati, lakini mafundo yamekauka na nikiigusa inalia. Naogopa kuifungua. Nakuomba unifumie nyingine ndogo, uache mafundo malegevu, nione kijiti kipi kinapita juu ya kipi. Taa ikitoka vizuri, mkuu amesema nitapewa benchi langu na kazi ya kudumu. Ikiharibika, mkataba wangu unaisha mwezi huohuo na sidhani kama kuna atakayenikumbuka.

Wako, wewe uliyenibandika jina hili, kwa kuwa nilikuwa sikuachi hata ukienda chooni,
Gundi

26 Februari

Mwanangu Gundi,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mzuri, si wangu. Miwani yangu nimeikalia. Jirani yangu mshonaji, yule aliyehamia chumba cha pili baada ya wewe kuondoka, amekubali kuniandikia. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkanya asiandike kila kitu ninachosema. (Naandika kila kitu. Mshonaji.)

Nimefurahi kuhusu taa mpaka nimesimama. Halafu nimekaa tena. Mimi ni fundi wa viti, watu wameyakalia mawazo yangu maisha yangu yote, sasa kuna mtu anataka kuyatundika juu. Nitakufumia.

Ila ujue jambo moja. Ile nyota sijawahi kuichora. Siri yake iko mkononi, mkono unaanza na wenyewe unajua unakokwenda. Ikishakaa sawa ina ncha ishirini, na ukiunganisha kila ncha na jirani zake unapata mpira wa nyuso kumi na mbili, kila uso una pembe tano. Tazama moja kwa moja katikati ya uso mmoja, utaona rangi zote tano zinazunguka kama mapanga ya feni. Geuza upande mwingine, utakuta feni ileile, inazunguka kulekule. Pindua juu chini, ni vilevile. Hiyo ndiyo raha yake. Haina mbele wala nyuma, haina upande wa kumfichia mgeni.

Nitaituma wiki ijayo. (Mimi naona mwezi ujao. Mshonaji.) Wewe mama, unaandika nini hapo wakati nimenyamaza?

Baba yako

8 Machi

Baba,

Miwani hutengenezwa kwa siku moja. Mimi si mtoto.

Wiki jana binamu alipita hapo nyumbani akaniletea habari zote motomoto. Amesema mlango ulifunguliwa na mama mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni. Amesema ulikuwa umevaa shati lililofungwa vifungo mpaka kooni, wewe ambaye Mama alikuwa akikukimbiza na shati mpaka nje. Amesema ulikaa tu kwenye kiti kama bwana harusi, ukamwachia yeye akumiminie chai na akukatie mkate vipande vidogovidogo, na hukumwonea hata haya mgeni. Bahasha yako nayo, gundi yake imegoma ikashonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Sasa na mimi nitajitia hamnazo mpaka lini?

Baba, kama ndivyo, sina kinyongo. Nimeikalia sentensi hii siku nzima kabla ya kuiandika, na ni ya kweli. Mama ametutoka muda mrefu. Nilipopata kazi huku, kilichonikosesha usingizi hakikuwa mji mgeni, ni wewe kula peke yako umesimama karibu na jiko. Kama kuna mtu anakufanya ukae chini ule, namshukuru kabla sijamwona.

Mama mshonaji, anayeandika bila shaka pia anasoma. Shikamoo.

Nyota je? Mkuu anauliza.

Gundi

22 Machi

Mwanangu,

Barua yako alinisomea yeye, kwa sauti, mpaka pale pa bwana harusi. Hapo akaendelea kimoyomoyo, akaiweka mezani, akasema ana sketi ya mteja ya kumalizia. Nimebaki na barua na masikio yanawaka moto.

Sitakubali na sitakataa. Mzee ana haki ya kuwa na mambo yake. (Ameniambia niandike hivyo. Mimi sina la kuongeza. Mshonaji.)

Nyota imo kwenye boksi hili. Samahani kwa kuchelewa, henzirani za siku hizi ngumu, hazisikii. Mafundo nimeyaacha malegevu kama ulivyotaka, pengine kupita ulivyotaka. Anza na nyekundu. Ukiipata nyekundu na bluu, hizo nyingine zitakuonyesha zenyewe zinataka kupita wapi.

Usiniulize zaidi kuhusu mambo ya hapa. Kazana na taa. Ukipewa benchi lako niandikie siku hiyohiyo.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Nilidhani nimekosea mimi.

Niliiweka nyota yako mpya kwenye benchi, nikaiweka na ya zamani pembeni yake. Nikatazama uso wa ile ya zamani: feni inazunguka kulia. Nikatazama ile mpya: inazunguka kushoto. Nikaigeuza, kushoto. Nikaipindua juu chini, bado kushoto. Nikaipeleka mbele ya kioo cha kunawia mikono, na mle ndani ya kioo ndimo ilimokuwa nyota niliyokua nayo. Mwenzangu mmoja akasema mzee amekosea tu, kila mtu hukosea. Nikamwambia baba yangu hafumi kwa macho. Anafuma kwa mkono, na mkono wake ukianza unajua unakokwenda, ameniambia mwenyewe.

Basi nikajiuliza, mkono wake umefanya nini?

Nikatia mkono wangu wa kulia kwenye mfuko wa aproni. Nikachukua vijiti nikaanza kufuma kwa wa kushoto peke yake, nyekundu kwanza, kisha bluu. Nilipokwama nilishika kijiti kwa meno. Na nyota ikaanza kupinda kushoto, yenyewe, bila kuiambia. Nikaichukua yako nikaiangalia kwa karibu. Kila ncha ina alama za meno, Baba. Zote ishirini.

Hapo vyote vikanijia kwa mpigo. Shati lililofungwa vifungo. Mkate uliokatwa. Chai ya kumiminiwa. Huo mwandiko mzuri. Mimi nikakuletea utani wa bwana harusi, na wewe ukanyamaza ukaniachia niamini, kwa kuwa ilikuwa afadhali nidhani umependa kuliko nijue umeumwa. Nilikaa sakafuni katikati ya vijiti vya shaba nikalia mpaka mkuu akaja kuniuliza nimejiunguza wapi.

Nina hasira na wewe ambazo sijui niziweke wapi. Na ninakupenda, na upendo huo nao sina pa kuuweka.

Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, nitampa mkuu mwisho wa mwezi. Taa atamalizia mwingine. Narudi nyumbani. Tutatafuta daktari mzuri wa viungo, nitakukanda mwenyewe asubuhi na jioni, na mkono utarudi. Utarudi kama zamani, utaona.

Gundi

13 Aprili

Binti yangu,

Barua hii ni yangu mimi mshonaji. Naitia kwenye bahasha moja na ya baba yako, chini ya yake, na yeye hajui.

Ilikuwa Januari. Nilisikia kiti kimeanguka karakanani kwake, nikangoja nisikie matusi, maana akiangusha kitu lazima atukane. Sikusikia kitu, nikakimbia. Walisema ni kiharusi. Mguu umerudi vizuri, ulimi ulirudi wa kwanza kama unavyoweza kudhani. Mkono wa kulia haukurudi. Aliniapisha nisikwambie, akasema ukijua utaacha kila kitu uje umlinde kama yai. Niliapa, na nimejuta tangu siku ile. Unisamehe.

Kuhusu ile nyota yako. Kabla barua yako haijafika alikuwa haamki. Namwekea uji unapoa, namwekea mwingine. Nilipomsomea kwamba unataka nyota, aliniambia nimfungulie karakana. Sijui aliivunja akaianza upya mara ngapi. Nilitaka kumshikia vijiti, akanikatalia kama mtoto. Nilikuwa nakaa mlangoni na kushona, ili nisimtazame, na ili niwepo.

Yale mengine uliyoyaandika, ya bwana harusi na ya kunishukuru, niliyasoma. Hayakuwa ya kweli wakati ule. Sikukusahihisha kwa kuwa baba yako aliniomba. Na kwa kuwa yalinipendeza, lakini hilo ni langu.

Msikilize kwanza kabla ya kupanda treni.

Mshonaji

13 Aprili

Mwanangu,

Umenishika. Sikatai.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo, wewe ni mtu mzima. Daktari ameshaniambia kwamba mkono huu haurudi. Aliniambia kwa upole na mimi nilimwelewa. Tangu hapo kila anayekuja kuniona ananiambia utarudi, utarudi, na mimi nalazimika kumfariji yeye. Usije na wewe ukawa wa kufarijiwa.

Ichukue ile nyota niliyokutumia. Izungushe. Igeuze, ipindue, izungushe tena mpaka hiyo wodi ifunguliwe. Haitakuwa ile ya zamani. Hakuna namna ya kuizungusha ikawa ile, na si kwa sababu imeharibika. Tafuta kasoro ndani yake. Vijiti vya urefu uleule, piramidi tano, hakuna iliyokatwa, feni ileile kila upande. Ni nyota kamili. Ila ni nyingine.

Halafu ziweke mbili hizo karibu, zilinganishe. Kila ncha ya ile ya zamani ina mahali pake, na kwenye mahali hapohapo hii mpya nayo ina ncha. Ishirini kwa ishirini, hakuna hata moja iliyohama. Kilichobadilika ni njia tu, kijiti kinatoka ncha ipi kwenda ipi. Ndivyo nilivyo. Bado nakunywa chai bila sukari, bado nagombana na redio ya jirani wa juu, bado nikisikia hatua za mtoto kwenye ngazi nadhani ni wewe unatoka shule. Hayo yote yako palepale. Nayafikia kwa njia nyingine. Usinizungushe, mwanangu. Nitazame tu.

Na nikwambie. Nilipoifunga ile nyota fundo la mwisho niliona inapinda kushoto. Niliona palepale. Ningeweza kukuandikia kwamba imeshindikana, ukachukua ya zamani ukaibomoa. Niliituma hivyohivyo kwa sababu nilijua wewe utaona. Nilikuwa nimechoka kukuficha na sikuwa na ujasiri wa kusema.

Sasa kuhusu kazi. Kilichonitoa kitandani si dawa, ni kwamba kuna mtu alikuwa na taa ya kutundika na alihitaji nyota yangu. Ukiiacha taa hiyo kwa ajili yangu, utakuwa umenichukulia na huu mkono mwingine.

(Nimeandika kila neno. Sikuongeza kitu. Mshonaji.)

Baba yako

3 Juni

Baba,

Barua ya kuacha kazi nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa benchi, lilikuwa linayumba. Imefaa sana.

Taa imekwisha. Nimeifuma kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu, na inapinda kushoto. Mkuu alipoiona alileta mchoro nilioutoa kwa nyota ya zamani, akauliza mbona imegeuka. Nikamwambia ndivyo fundi wake anavyoifuma siku hizi. Akauliza kama ni kasoro. Nikampa ile ndogo yako nikamwambia atafute. Aliizungusha muda mrefu, chai yake ikapoa. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili na kusema, "Itundike."

Kuna jambo nilijaribu kwa waya mwembamba kabla ya hapo. Nilizifuma zote mbili mahali pamoja, ya kulia na ya kushoto, piramidi kumi kwenye ncha zilezile ishirini. Inawezekana, zinakaa. Na ukitazama usoni feni haizunguki tena kokote, kila mpindo umejibiwa na mwenzake, imetulia kabisa. Ni kitu kizuri sana. Nilikitazama, nikakifungua. Nilitaka watoto waone hii ya sasa, inayozunguka.

Bado sijaambiwa lolote kuhusu benchi, mkuu anasema tungoje ufunguzi. Ni tarehe ishirini. Nataka uwepo. Najua safari ni ndefu na sitakuja kukuchukua, maana nimeambiwa nisikulinde kama yai. Ila uje na mtu.

Mama mshonaji, nisamehe kwa kukuozesha kwa barua bila kukuuliza. Lile la kukushukuru sijalifuta.

Gundi

12 Juni

Gundi,

Huu ni mwandiko wangu. Mkono wa kushoto. Usicheke. Nilijifunza kwa siri, mshonaji akidhani nimelala. Nitaandika sentensi fupi, ndefu zinaanguka.

Tunakuja kwa treni. Tunafika tarehe kumi na tisa jioni.

Nasema tunakuja, kwa hiyo nieleze. Nilimwomba mshonaji anisindikize. Akasema hawezi kusafiri siku nzima na mwanamume asiye mume wake, abiria watasema. Nikamwambia basi tuwaondolee la kusema. Alishona pindo lote la pazia. Nilidhani hakusikia.

Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Unasema hivyo kwa kuwa unataka mtu wa kukufunga vifungo?"

Nikamwambia vifungo nimeshajifunza. Nikasimama mbele yake nikavifungua vyote. Nikavifunga. Ilichukua muda, Gundi. Cha tatu kilinitoa jasho. Alikuwa ameacha kushona. Hakunisaidia. Alingoja mpaka kile cha kooni.

Jumatatu tulikwenda kwa msajili. Sahihi yangu imechukua mistari miwili. Msajili alisema haijalishi.

Kwa hiyo ulichokidhani kimekuwa. Ulikosea wakati tu.

Kama mkuu hatakupa benchi, taa bado itakuwa juu na sisi tutakuwa chini yake. Kama atakupa, vilevile.

Njoo stesheni. Utatuona. Mkono wa kulia hausikii kitu, hata ukifinywa. Kwa hiyo yeye nitamshika kwa wa kushoto, nijue yupo. Wewe shika huo mwingine. Sitausikia mkono wako. Utembee karibu nami, nikuone.

Baba yako